Usiseme ni ukoka wa aina nyingine kabla hujaupanda pamoja na mwenzake

Jamani mnaopenda mimea, ukiona ukoka hapa umelala chini na vijani vifupi, afu hatua chache mbele umesimama na majani marefu, usikimbilie kusema ni aina mbili. Nimeufuatilia ukoka muda mrefu sasa, nazungumzia Cynodon dactylon, huu unaoota njiani, shambani, viwanjani, na ushauri ninaompa kila anayeanza ni uleule: chukua vipande vya zote mbili, panda sehemu moja, subiri.

Umbo la ukoka linafuata sana mazingira. Kivulini pingili zinarefuka na mmea unakuwa mwembamba, ukifyekwa au kukanyagwa kila mara unajibana chini, ukipata samadi majani yananawiri kijani kizito, na yote hayo mmea mmoja wenye vinasaba vilevile unaweza kuyafanya. Sasa ukiweka vipande kwenye makopo yanayofanana, udongo mmoja, jua sawa, maji sawa, tofauti zilizoletwa na mahali zinapungua polepole na zitakazobaki ndo za kurithi. Ila usipime majani ya mwanzo! Kipande kinakuja na akiba ya kule kilikotoka, kwa hiyo kiache kitambae, kata vipande kwenye matawi mapya, panda tena, hapo ndo uanze. Mbinu hii ni ya zamani, Göte Turesson wa Uswidi alipanda mimea ya makazi tofauti kwenye bustani moja, na mwaka 1922 akaziita ekotaipu zile jamii za spishi moja ambazo zimerithi umbo linalofaa pale zinapoishi.

Cha kupima: urefu wa pingili (chagua nafasi ileile kila tawi, mi napenda ya tatu kutoka nchani), upana wa jani, idadi ya vidole vya suke (vile vitawi vyembamba vinavyotanuka juu kama vidole vya mkono). Afu chimba, watu wengi hawachimbi na hapo ndo penye mambo. Ukoka huu una mashina yanayotambaa juu na mengine yanapita chini ya udongo, wakati ndugu yake mkubwa wa Afrika Mashariki, Cynodon nlemfuensis, hana hayo ya chini, kwa hiyo wakati mwingine unachodhani ni ukoka mnene kumbe ni spishi nyingine kabisa.

Kingine, usichukue vipande vitano vilivyokaribiana ukavihesabu mimea mitano. Ukoka unajieneza kwa kutambaa na eneo kubwa linaweza kuwa mmea mmoja tu, kloni, chukua sampuli mbalimbali. Mbegu ni habari tofauti, ukoka unachavushwa kwa upepo na mara nyingi unahitaji chavua ya mwenzake, ndo maana miche ya suke moja haifanani, na anayetaka uwanja wa rangi moja anapanda vipande. Tena kuna nyasi zisizo na njia nyingine zaidi ya vipande: Tifway, nyasi maarufu ya viwanja vya michezo, ni chotara wa ukoka wenye kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 36 na ndugu yake Cynodon transvaalensis yenye 18, mwenyewe ana 27, hazigawanyiki sawa, basi hatoi mbegu inayoota.

Na hata kloni siyo ileile milele. Tifgreen, chotara mwingine wa ukoka, ilitolewa mwaka 1956, ikapandwa kwa vipande tu, lakini kwenye viwanja vya gofu vikatokea viraka vifupi zaidi, na hapo ndo ikapatikana aina fupi inayoitwa Tifdwarf, iliyotolewa 1965. Mi hili linanifurahisha sana, maana mabadiliko yalitokea bila mbegu yoyote na watu wakayaona kwa macho. Kwa hiyo ukiona tawi moja limetofautiana na mengine kwenye kopo lilelile, usiling'oe, lihamishe peke yake uliangalie.

Makopo yenyewe yape nafasi, weka lebo siku hiyohiyo, na kata kila tawi linalotaka kuvuka, maana likishatia mizizi kwa jirani huwezi tena kujua lipi ni lipi.