Bati jipya lang'aa, mbona lachoma?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeezeka nyumba yangu ya Mbagala kwa mabati mapya yasiyo na rangi, yanang'aa hadi yanaumiza macho. Jirani yangu ana mabati hayohayo, ila kayapaka rangi nyeupe. Saa nane mchana kwangu ni tanuri, kwake panakalika. Alfajiri bati lake limelowa umande, langu kavu. Kinachong'aa si ndicho kinachorudisha jua?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri kuutaja umande, maana ndio unaomuumbua mkosaji.

Bati lina kazi mbili. Ya kwanza ni kurudisha jua, na lako linajitahidi. Ya pili ni kutoa joto lake lenyewe kwa miale isiyoonekana, ule mnururisho wa darasani. Hapo bati lako ni bahili: uso wa madini unaong'aa hutoa kama robo tu ya joto ambalo uso wenye masizi ungetoa. Joto linaloingia linakwama. Rangi nyeupe hurudisha kama asilimia 80 ya jua, kisha hutoa joto karibu sawa na masizi, ingawa machoni ni nyeupe pe. Usiku inaendelea kulitoa kuelekea angani, inapoa kuliko hewa, na umande unatua.

Ubahili huohuo unakufaa kwenye chupa ya chai: kioo chake cha ndani kimepakwa fedha ili joto lisitoke kwa miale. James Dewar aliibuni mwaka 1892, wala hakuwa na habari ya chai. Alikuwa akihifadhi gesi zilizogeuzwa kimiminika kwa baridi kali.

Ukitaka kuhakikisha, chukua makopo mawili ya maziwa yanayong'aa. Moja lifukize masizi ya koroboi. Yatie maji ya moto kiasi sawa, yafunike, ngoja nusu saa. Wanafunzi wangu waliwekeana dau la maandazi kwamba jeusi ndilo litakaa na moto. Maandazi nilikula mimi.

Basi paka rangi nyeupe, ya mabati. Chokaa niliijaribu kwenye banda la kuku, ikaondoka na masika ya kwanza. Na fundi akikushawishi apake na upande wa ndani, mkatalie. Huko acha bati ling'ae: ule uso ndio unaotazama kitanda chako, ubahili wake wauhitaji.