Usiishike ile laptop!

Juzi saa sita usiku msomaji aliniandikia: "Dada, nimemfuma kijana wa mauzo akijitumia orodha ya wateja wetu kwenye barua pepe yake. Asubuhi namfukuza." Nikamrekodia sauti papo hapo: usithubutu!

Mwenzenu yalinikuta mwaka 2023, kwenye kampuni yangu ya utalii Arusha. Kijana niliyemfundisha kazi kwa mkono wangu, hata harusi yake nilichangia, alibeba faili la wageni wote, nakala za pasipoti humo humo. Nilijua pale mgeni wa Ujerumani aliponiuliza mbona ametumiwa bei mbili za Serengeti, moja yetu, nyingine kutoka kwa kijana huyo huyo.

Damu ikachemka. Nikampokonya laptop mbele ya wenzake, nikamwita mwizi, nikaketi kufungua mafaili moja baada ya jingine. Jioni nikamfuta kazi kwa WhatsApp. Nikalala usingizi wa mshindi.

Kwenye kesi ya kazi niliaibika. Barua ya tuhuma sina, kikao cha nidhamu hakikufanyika, na kanuni za kazi za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48. Wakili wake akauliza: nani alikuwa wa mwisho kuitumia hiyo mashine? Mimi. Na kumbukumbu za mfumo, zinazoonyesha nani alifungua nini? Ofisi nzima tulikuwa na nywila moja, imebandikwa ukutani! Nikamlipa. Siku hizi ana kampuni yake, tukipishana ananisalimia "shikamoo mama". Naitikia, lakini inaniuma.

Kwa hiyo wewe unayetaka kukua, tulia. Funga akaunti zake kimyakimya. Mashine ikae kabatini, mtu wa kompyuta anakili diski mbele ya shahidi, na kila anayeigusa aandike jina na saa. Barua, kikao, ndipo uamuzi. Polisi utakwenda na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ukiwa na ushahidi mkononi. Na taarifa za wateja zikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakutaka uijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Wengi mnaificha hii. Mnamwogopa nani? Nasema tena: tulia!

Saa saba msomaji akajibu: "Dada, nilishaifungua tangu jioni."

Nikamwambia aizime, achukue karatasi, aandike saa aliyoiwasha.