Jina, jinsia na nyumba ya kupanga

SWALI: Keateka (msimamizi) wa ploti ya kupanga South B, Nairobi, aliposikia jina langu la Kisomali na kwamba sina mume, nyumba "ikajaa". Wapangaji wake ni pamoja na wanaume Wasomali na wasichana Wakikuyu wasioolewa. Hali hii nitaiitaje?

JIBU: Ni ubaguzi, dada, na wako umepandana: kabila na jinsia kwa pamoja. Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria wa Marekani, aliueleza hivyo mwaka 1989. Atajitetea kwa hao wapangaji. Usiyumbishwe, kati yao hakuna aliye kama wewe: mwanamke Msomali asiye na mume. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya kinakataza hata mtu binafsi kubagua kwa kabila, jinsia au hali ya ndoa. Andika leo tarehe, saa na maneno yake yenyewe. Hifadhi tangazo na meseji. Rafiki mwenye jina lisilo la Kisomali apige simu haraka kuulizia nyumba hiyo, kabla nyumba haijachukuliwa kweli. Kisha lalamika kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa.