Maswali ya Wasomaji: Je, ni haki kumpiga mhusika aliyekwisha kuanguka?

SWALI: Ndugu Mshauri, sisi ni marafiki wanne tunaocheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni kwa kurusha dadu) kwa kanuni za 2014, na wa tano ndiye msimamizi wa mchezo, anayesimulia kisa na kuwaongoza maadui. Juzi, wahusika wetu wakiwa bado ngazi ya 1, ile ya kuanzia, tulivamiwa na magoblini sita, vijitu vikorofi vya hadithini, waliojificha vichakani. Wote walimlenga mchawi wangu. Alipoanguka, wawili walimsogelea wakamkata pale pale alipolala, akafa kabla sijarusha dadu hata mara moja. Msimamizi anasema magoblini ni wajanja na kanuni zinaruhusu. Je, hiyo ni haki?
Msomaji, Arusha

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Kumpoteza mhusika uliyemtunga mwenyewe, tena bila kupata zamu, kunauma.

Kwa upande wa kanuni, msimamizi wenu hakukosea. Mhusika aliyefikia pointi 0 za uhai huzimia, na zamu yake inapofika hurusha dadu yenye pande 20: akipata 10 au zaidi amefaulu, akipata chini ya hapo ameshindwa, na akishindwa mara tatu amekufa. Pigo linalompata akiwa amezimia, kutoka kwa adui aliye ndani ya futi 5, huhesabiwa kuwa kushindwa mara mbili, kwa hiyo mapigo mawili ya upanga yanatosha kummaliza. Nanyi mnafaidika na udhaifu huo huo wa aliyezimia kila mchawi wenu anapowalaza maadui kwa uchawi wa usingizi, kisha wenzake wakapita kuwachinja. Sijaona bado kundi la wachezaji lililowaonea huruma. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hata hivyo, jambo kuruhusiwa na kanuni hakulifanyi kuwa la haki, na hapa ndipo ninapotofautiana naye. Tuanze na hesabu. Goblini mmoja ana thamani ya pointi 50 za uzoefu, ambazo pia hupima ugumu wa pambano; sita wana 300, na kwa kuwa wanashambulia kwa wingi, mwongozo wa msimamizi unataka jumla hiyo izidishwe mara mbili, ifike 600. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya 1, pambano la hatari ya kifo huanzia 400. Mshale mmoja wa goblini hupunguza wastani wa pointi 5.5 za uhai, na mchawi wa ngazi hiyo mara nyingi hana zaidi ya 8. Mishale miwili ilitosha kumwangusha, hata bila ujanja wowote.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchanganya anachokijua msimamizi na wanachokijua maadui. Mchezo huu, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974, ulitokana na michezo ya vita ya mezani, ambamo aghalabu mwamuzi hakuwa na jeshi lake. Msimamizi wa leo amevaa kofia mbili: ni mwamuzi, na papo hapo ndiye anayewaongoza maadui. Anajua nani ni mchawi, ana pointi ngapi, na mganga wenu yuko wapi. Magoblini hawajui hayo. Wanaona tu mtu asiye na deraya, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kumlenga kwa mishale. Lakini kumkatakata mtu aliyelala, huku watatu wenye silaha wakiwa bado wamesimama, kunahitaji sababu nyingine. Laiti wangemwona mganga wenu akimwinua majeruhi kwa neno moja tu, kutoka futi 60, ningekubali kwamba wamejifunza kutomwacha aliyeanguka. Mbwa mwitu mwenye njaa naye ningemwelewa akimburuta majeruhi kichakani.

Kwa hiyo, kabla hamjakaa tena mezani, muulize kwa upole: yule goblini wa pili alikuwa ameona nini? Akiwa na jibu, likubali na utunge mhusika mwingine. Akikosa, ombeni pambano lile lirudiwe tangu mchawi alipoanguka. Nanyi, safari ijayo, mtangulizeni mwenye macho makali na msitembee mkiwa mmesongamana, maana upinde wa goblini hupiga hadi futi 80 bila taabu na kumweka mchawi nyuma pekee hakumkingi.