Kiwanja cha bei ya kutupa Likoni

Swali: Shangazi, dalali ananiuzia kiwanja Likoni kwa nusu ya bei ya majirani. Karatasi ina muhuri wa mzee wa mtaa tu. Nataka kujenga vyumba vya kupangisha. Nilipe? – Msomaji, Kisauni

Jibu: Usitoe hata arubuni, mwanangu! Muhuri huo si hati miliki. Huku kwetu Pwani watu huuziana hata nyumba bila ardhi, na mwenye ardhi yuko mbali. Siku akija na amri ya mahakama, vyumba vyako vitabomolewa na mkopo, kama ulikopa kujenga, ubaki. Inaniuma sana. Mdai dalali nambari ya ploti, ufanye sachi mwenyewe, yaani upekue rekodi kwenye ofisi ya ardhi: jina la mwenye ardhi, rehani, zuio. Halafu mpimaji aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni, zile alama za mipaka. Dalali akisitasita kukupa nambari, pesa zako zikae benki.