Korosho ni mada, si lengo

SWALI: Nimeandika kurasa nne juu ya korosho: ubwiriunga (ugonjwa wa mikorosho), bei za mnada, stakabadhi ghalani (mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala). Nimerudishiwa, eti haieleweki nataka nini. Nimekosea wapi? – Msomaji, Newala

JIBU: Hapo una makala tatu zinazogombania kiti kimoja. Kabla ya kuandika, jaza sentensi hii: “Akimaliza kusoma, fulani ataweza…” Huyo fulani awe mtu mmoja, na kitenzi kiwe kimoja. Mfano: “mkulima ataweza kuutambua ubwiriunga mapema.” Basi eleza ungaunga mweupe kwenye majani machanga na maua, maua yanavyogeuka kahawia na kukauka, na mahali pa kuangalia mtini. Bei ya mnada haimsaidii kuutambua. Ikate, hata kama aya yake ni tamu (na mara nyingi ndiyo tamu kuliko zote).

Ukijikuta umeandika “ataweza kutambua na kudai bei nzuri”, hiyo “na” ndiyo iliyokuponza. Kudai bei kunataka hoja na msomaji mwingine, pengine viongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima.

Sentensi uliyoijaza ibandike juu ya karatasi. Usiichapishe.