Ukitaka kuukuza mchezo mdogo, anza kwa kuhesabu watu getini

Kila msimu ukikaribia napigiwa simu na vijana wawili watatu wanataka kuanzisha ligi ya mchezo usio na watu, huyu mpira wa mikono, yule hoki, mwengine skate, na karibu wote swali lao la kwanza ni moja, sponsa tutamtoa wapi. Mimi niko kwa mipango ya mashindano ya raga hapa Mombasa mwaka wa kumi na moja huu, kazi yangu ni geti, tiketi, maturubai na kupigizana simu na watu wa ambulensi, na jibu langu huwa ni kwamba swali hilo ni la mwisho, mmelileta mbele.

Raga ya wachezaji saba yenyewe ilizaliwa na shida ya pesa. Mwaka 1883 kule Melrose, kamji kadogo ka Scotland, klabu ilikuwa haina kitu, na kijana mmoja wa buchari aitwaye Ned Haig akatoa wazo wafanye mashindano ya siku moja wachangishe. Sasa timu za watu 15 haziwezi kucheza mechi kadhaa kwa alasiri moja, ndio wakapunguza watu na wakapunguza dakika. Leo mchezo huo uko Olimpiki tangu Rio 2016, na chanzo chake ni mtu aliyekaa akawaza siku moja ya watu kutoka nyumbani iwe vipi mpaka watoe shilingi zao.

Ukitaka kuchagua mchezo au mtindo wa kuuendesha, angalia usafiri kwanza. Timu ya saba ina wachezaji 12 pamoja na akiba, ongeza kocha na mtu wa kufunga bandeji wanakuwa 14, yaani timu nzima inaingia kwa matatu moja. Timu ya 15 na akiba zake ni watu 23, hapo unakodi basi na malazi yanakaribia kuwa mara mbili, na kutoka Nakuru hadi Mombasa si hapo na hapo. Watu husema saba ilishika Kenya kwa sababu tuna mbio, sawa, mbio tunazo, lakini mimi naamini ile matatu ina mchango wake pia. Alafu mechi yenyewe ni dakika 7 kila kipindi, kwa hivo kila baada ya robo saa hivi watu wanainuka, wananyoosha miguu, wanaenda kwa mama wa viazi karai na mishikaki, na yeye akiuza vizuri mwaka ujao atalipia kibanda bila kubembelezwa. Vibanda vilitulipia chokaa ya uwanja na maji ya wachezaji kabla kampuni yoyote haijatujibu barua.

Jambo lengine, angalieni vile msururu wa kitaifa wa raga ya saba, yale mashindano yanayozunguka miji, ulivyowekwa. Prinsloo iko Nakuru, Dala iko Kisumu, Driftwood iko kwetu Mombasa, Kabeberi na Christie ni za klabu za Nairobi. Kila moja ina klabu yake mwenyeji na mji wake, na wikendi ile ni yao. Ingekuwa kila kitu kinafanyika Nairobi kijana wa Likoni angeiona raga kwa TV tu.

Sasa nirudi kwa sponsa. Mara ya kwanza tulipoitwa na kampuni moja kubwa tulijipanga, tukapeleka picha nzuri, nembo, ahadi za mabango. Yule dada aliyetupokea akatusikiliza hadi mwisho, alafu akauliza mambo matatu tu: walikuja watu wangapi, wanawake wangapi, na wanatoka wapi. Mwenzangu akasema "wengi sana." Dada akaandika kitu kwa karatasi yake, akatushukuru, na hatukupigiwa tena. Iliniuma sana, manake watu kweli walikuwa wengi na niliwaona kwa macho yangu.

Mwaka uliofuata nikanunua madaftari mawili makubwa na kile kidude cha kuhesabia unachobonyeza kwa kidole gumba. Kila geti mtu mmoja wa kubonyeza na mmoja wa kuuliza, umetoka mtaa gani, nani amekuambia, ni mara yako ya kwanza? Jioni tukakaa chini ya taa tukijumlisha mpaka saa nne usiku, na tuliyoyaona yalitubadilisha. Mabango tulikuwa tunayabandika Nyali, kumbe watu wanatoka Kisauni, Likoni na Changamwe. Tangazo la redio liliwaleta wachache, wengi walikuja kwa sababu kuna mtu wao anacheza, ndugu, jirani, waliyesoma naye. Tangu hapo pesa ya redio tukaipeleka kwa mechi za shule asubuhi, kwa sababu mtoto mmoja akiwa na jezi anakuja na mama, dada na marafiki watano. Pia tukajua uwanja unajaa baada ya saa kumi jua likipoa, kwa hivo mechi kubwa haziwekwi tena saa nane.

Wanawake walikuwa wachache na wengi wao wakiondoka mapema. Tukawauliza, wakasema vyoo. Hilo tu, na giza la njia ya kutokea. Tukaongeza vyoo na kuweka taa, na daftari la mwaka uliofuata likaonyesha tofauti.

Msidanganyike kwamba ushindi utawaletea watu wenyewe. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, Steve Tikolo akiwa nahodha, tuliwapiga Sri Lanka pale Gymkhana Nairobi na Collins Obuya akawatoa wapigaji wao watano kwa kurusha mpira. Kriketi ilikuwa imekaa kwenye klabu chache za Nairobi, ikaja migogoro ya uongozi, wachezaji wakagoma kwa ajili ya malipo, na kufikia 2014 hata hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja ilikuwa imetoka mkononi. Raga ilienda kinyume. Safari Sevens, mashindano ya kimataifa ya saba, ilianza 1996 kwenye uwanja wa RFUEA, Ngong Road, watu wakazoea mwaka baada ya mwaka, na lile kombe la raga ya saba tulilochukua Singapore, marehemu Benjamin Ayimba akiwa kocha na Fiji wakipigwa 30 kwa 7, lilikuja Aprili 2016, watu wakiwa tayari wana miaka ishirini ya kuja.

Na ukimpata sponsa usimwachie nyumba nzima. Januari 2018 SportPesa, kampuni ya kamari, ilitangaza kusitisha udhamini wake wa michezo hapa Kenya baada ya ushuru wa kamari kupandishwa hadi asilimia 35, na raga ilikuwa humo pamoja na mpira. Hakuna mchezaji aliyekosea. Mimi siku hizi nagawanya, huyu jezi, huyu maji, huyu ambulensi, akitoka mmoja mashindano hayafi. Ambulensi msiifanyie ubahili kabisa, isipokuwepo refa hapulizi kipenga. Mwaka mmoja ile tuliyokodi iliondoka kwenda kazi nyingine bila kutuaga, tukasimama zaidi ya saa nzima na watu wameshalipa.

Mashindano yakiisha Jumapili, Jumatatu usilale. Lipa marefa, lipa vijana wa chokaa, lipa mama aliyeosha vyoo, wote kwa M-Pesa kabla ya saa sita, alafu kaa na madaftari uandike hesabu safi kurasa mbili, pamoja na mahali mlipokosea, uwapelekee waliowapa pesa kabla hawajauliza. Nikipeleka za kwetu, huwa naweka na picha ya ukurasa wa daftari wenyewe, na mwandiko wa wale vijana wa getini.